Boksi la Joto kwa Usiku wa Eldoret

Maelekezo mengi ya kutengeneza bia nyumbani yameandikwa na watu wanaopambana na joto. Kwao kifaa cha kwanza baada ya ndoo ni friji kuukuu, na kila mchoro wa nyaya unaanzia kwenye kompresa. Mtu wa Eldoret akiufuata mchoro huo kama ulivyo, atakuwa ananunua dawa ya maradhi ya Mombasa. Eldoret, jiji tangu Agosti 2024, imekaa mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Januari mchana jua huwaka na kipimajoto kikakaribia nyuzi 25 za selsiasi. Alfajiri ya Julai, watu wa mitaa ya Kapsoya na Annex huamkia nyuzi 10, pengine chini ya hapo. Wastani wa mwaka uko kama nyuzi 17. Anayetaka kuchachusha kitu hapa, kiwe bia au maziwa, taabu yake kubwa ni usiku.

Ndiyo maana boksi la kudhibiti joto linazungumziwa sana na vijana wanaojaribu bia zao jikoni: kidhibiti kidogo cha dijitali chenye sensa, kinachopima joto la ndoo na kuwasha hita au friji inapobidi. Vidhibiti hivyo vimejaa madukani Luthuli Avenue, Nairobi, na mafundi wa inkubeta za mayai wamekuwa wakivifunga kwa miaka kabla wapenzi wa bia hawajavijua. Kinachostahili kuchambuliwa ni kama boksi hili linafaa Eldoret, kwa kazi ipi, na pesa zielekezwe wapi. Nitoe msimamo wangu mapema. Linafaa, lakini kwa kupasha joto. Sehemu yake ya dijitali ndiyo inayostahili kuumiza kichwa kidogo zaidi. Na atakayerudishiwa gharama zake kwanza ni mwenye ng'ombe, mwenye bia atafuata nyuma.

Chachu kwanza. Hamira nyingi za bia aina ya eli hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Za laga hutaka baridi, nyuzi 8 hadi 13. Ikizidishiwa joto, chachu hutoa alkoholi nzito zinazochoma koo na kuleta maumivu ya kichwa asubuhi, pamoja na harufu kali inayomkumbusha mtu rangi ya kucha. Ikipungukiwa joto hulala, na kulala huku ndiko kunakowasumbua watu wa nyanda za juu.

Tena hulala wakati mbaya. Siku mbili tatu za kwanza chachu hula sukari kwa kasi na kujitengenezea joto lake yenyewe, hata ndoo ikawa nyuzi tatu au nne juu ya chumba. Mtengenezaji hugusa ndoo, akaikuta vuguvugu, akaridhika. Sukari ikipungua joto hilo hukata, baridi ya usiku wa nne huingia, na chachu huzama chini ya ndoo kabla ya kumaliza kazi. Povu limetulia, vipovu vimeacha kutoka, kila dalili inasema bia imeiva. Inatiwa kwenye chupa. Chupa hizo zikipelekwa kwa shemeji Kisumu au Lodwar, joto la huko huamsha chachu iliyolala, nayo humalizia sukari iliyobaki ndani ya chupa iliyozibwa. Gesi haina pa kutokea, na chupa hupasuka. Kwa hiyo joto la siku za mwisho lina uzito kuliko la siku za kwanza, na boksi lisilofanya lolote siku tatu za mwanzo huenda likawa ndilo lililopangwa vizuri.

Mtu atauliza: mbona wapika busaa wa hapa hawajawahi kuhitaji nyaya? Kwa sababu wanadhibiti joto kwa njia nyingine. Unga wa mahindi huchachushwa siku kadhaa, ukakaangwa juu ya moto hadi ukawa na rangi ya kahawia, kisha ukachanganywa na maji na kimea cha wimbi. Chombo huwekwa karibu na jiko, hufunikwa, na pombe hunywewa ingali inachachuka, baada ya siku chache tu. Vijidudu vyake ni mchanganyiko wa kila namna, baadhi vinapenda joto na baadhi vinavumilia baridi, na hakuna anayekusudia kuiweka miezi sita chupani. Mapishi yenyewe yamezoea hali ya hewa ya hapa. Kuifungia busaa boksi la dijitali ni kutatua tatizo ambalo halipo. Hamira ya pakiti, iliyochaguliwa ili itoe ladha ileile kila mara, ndiyo inayodai joto lilelile kila mara. Mambo hayo mawili yalizaliwa pamoja: mwaka 1883 Emil Christian Hansen alipata chachu safi ya aina moja katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, na miaka hiyohiyo mashine za kupoza zilikuwa zinaingia katika viwanda vya bia vya Ulaya.

Sasa tufungue boksi lenyewe. Nachukua STC-1000 kwa kuwa ndicho kidhibiti kinachojulikana zaidi, chenyewe au nakala zake. Nyuma yake kuna skrubu nane za kufungia nyaya. Ya 1 na ya 2 ni umeme wa kukiendesha. Ya 3 na ya 4 ni sensa. Ya 5 na ya 6 ni swichi ya kupasha joto, ya 7 na ya 8 ni swichi ya kupoza. Hapo ndipo wanaoanza hukwama. Huunganisha hita kwenye 5 na 6, wakaona taa ya kupasha joto inawaka na hita imebaki baridi, wakarudi dukani kulalamika kwamba wameuziwa kitu kibovu. Kidhibiti hakitoi umeme mahali hapo; kinafunga na kufungua njia tu, kama swichi ya ukutani. Ni lazima laivu itolewe kwenye 1 kwa kipande cha waya hadi 5, na kipande kingine hadi 7, kisha 6 iende kwenye soketi ya hita na 8 kwenye soketi ya friji. Nyutro huenda moja kwa moja kwenye soketi zote mbili. Ethi vilevile, na haipiti kwenye kidhibiti kabisa.

Ukishafunga, unapanga namba nne. F1 ni joto unalolitaka. F2 ni tofauti inayovumiliwa kabla ya kuwasha. Ikiwekwa ndogo mno na una hita na friji pamoja, viwili hivyo vitashindana usiku kucha na tokeni za umeme zitaliwa bure. Nyuzi moja inatosha. F3 ni dakika za kusubiri kabla ya kuwasha kompresa tena, maana kompresa ikiwashwa mara tu baada ya kuzimwa, gesi yake ingali na shinikizo, mota hukwama na kuungua. F4 ni ya kusahihisha sensa.

Kwa kusahihisha sensa, Eldoret ina mtego wake. Vitabu hushauri sensa ijaribiwe kwenye maji ya barafu, ambayo ni nyuzi 0, na kwenye maji yanayochemka, ambayo ni nyuzi 100. Barafu haina shida. Maji ya Eldoret huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa sababu ya mwinuko. Anayelazimisha kidhibiti kisome 100 juu ya sufuria inayotokota atakuwa amekiharibu kwa nyuzi saba, na bia yake itachachukia kwenye nyuzi 13 huku kioo kikimwonyesha 20. Barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo inatosha peke yake.

Sensa iwekwe wapi? Wengi huiacha ikining'inia hewani ndani ya kabati. Hewa hupata joto upesi, ndoo polepole, na kidhibiti hubaki kikiwasha na kuzima kila dakika chache bila kujua bia iko wapi. Ibandikwe ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, kisha ifunikwe kwa kipande cha sponji au godoro ili isome ndoo badala ya hewa. Kuizamisha ndani ya bia sikushauri. Baadhi ya vidhibiti vya bei ya chini havina transfoma inayoitenganisha sensa na umeme wa nyumba, na ganda la plastiki la sensa likipasuka ndani ya ndoo, anayeshika ndoo atakuwa ameshika waya.

Hita ndiyo sehemu ambayo tamaa huharibu. Agroveti yoyote ya Eldoret inauza balbu nyekundu za kulelea vifaranga, za wati 100 hadi 250, na mtu huona kwamba kubwa ni bora. Tupige hesabu. Kupandisha lita 20 za maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 84. Hita ya wati 25 ikifanya kazi mfululizo bila joto lolote kupotea itachukua dakika 56. Balbu ya wati 250 itachukua chini ya dakika sita. Usiku wa Eldoret hauporomoshi joto la ndoo kwa nyuzi moja kila dakika sita. Ndoo iliyofungwa blanketi huchukua saa kadhaa kupoteza nyuzi mbili. Kwa hiyo wati 25 hadi 60 zinatosha, ama kwa mkanda wa kupasha joto, ama kwa balbu ya zamani ya nyuzi iliyofungiwa ndani ya kopo la bati. Kopo hilo lina kazi mbili: kuzuia moto kugusa kitu, na kuzuia mwanga. Mwanga ukiipiga bia iliyotiwa hopsi huiletea harufu ya kicheche, na hakuna namna ya kuiondoa.

Udogo wa hita una faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Rilei ndani ya kidhibiti ni kipande cha chuma kinachogusana na kingine. Imeandikwa ampea 10, na balbu ya wati 250 haifiki hata ampea moja na nusu kwenye volti 240, lakini kila inapofunga kuna cheche ndogo, na baada ya maelfu ya cheche vipande hivyo vinaweza kushikana. Vikishikana, hita haizimiki tena hata kioo kiseme nini. Kuna hitilafu nyingine ya kimyakimya zaidi: sensa inabanduka ubavuni mwa ndoo na kuangukia sakafuni. Kidhibiti kingejua kama waya wa sensa umekatika, kingezima vyote na kulia. Lakini sensa iliyoanguka ni nzima. Inasoma nyuzi 11 za sakafu na kuagiza hita iendelee hadi asubuhi. Ukiwa na wati 40 ndani ya kabati, utaamka ukute bia imepata joto na imeharibika. Ukiwa na wati 250 ndani ya kabati lililozungushiwa godoro la sponji, utaamshwa na majirani. Hita ichaguliwe ndogo kiasi kwamba hata ikiwaka usiku kucha haiwezi kuchoma kitu, na njiani iwekwe fyuzi ya joto, ile ndogo ya senti kidogo inayokaa ndani ya pasi na majiko ya mchele, inayokata moja kwa moja joto likipita kiwango chake. Mimi nisingefunga boksi bila hiyo fyuzi.

Tukishafika kwenye usalama, tukae hapo kidogo, maana kuchachusha ni kazi ya maji na mikono mibichi. Boksi liwe la plastiki lenye kifuniko cha skrubu, na kila waya uingie kupitia glandi inayoubana, ili mtu akijikwaa asiung'oe. Litundikwe juu ya ndoo, kamwe lisiwe chini yake, na kebo zishuke kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda na kuingia, ili maji yanayofuata kebo yadondoke nje. Fyuzi ya plagi ya pini tatu isiachwe ile ya ampea 13 iliyokuja nayo kama boksi linaendesha hita peke yake. Ya ampea 3 inatosha. Rangi za nyaya ziangaliwe kwa makini. Kebo za vifaa siku hizi zina laivu ya kahawia na nyutro ya samawati, ilhali kuta za nyumba nyingi zina laivu nyekundu na nyutro nyeusi, na kuna nyumba ambazo fundi alitumia rangi iliyobaki mkononi. Testa ndiyo ya kuaminiwa.

Kisha ethi. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi zenye tundu la tatu ambalo nyuma yake hakuna kitu, au kuna waya unaoishia kwenye fimbo iliyochomekwa udongoni miaka mingi na kuoza. Friji kuukuu yenye bodi ya chuma juu ya sakafu ya saruji yenye maji, ikiwa haina ethi, ni hatari kuliko vyote nilivyovitaja. Kabla ya kununua kidhibiti, mtu amlipe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, apime ethi ya nyumba na, kama ubao mkuu hauna, afunge RCD ya miliampea 30, ile inayokata umeme mara unapovuja kupitia mwili. Kuna watakaosema gharama hiyo inapita ya boksi zima. Ni kweli, inapita.

Friji yenyewe ina nafasi gani hapa? Kwa eli, ndogo sana. Januari na Februari hewa ni kavu, na taulo bichi lililozungushwa ndoo iliyosimama ndani ya beseni hushusha nyuzi kadhaa mchana bila hata shilingi ya tokeni. Kwa laga habari inabadilika. Tusker ni laga, Wakenya wengi wamefunzwa na laga bia ni nini, na kijana anayeanza hutaka kuiga anachokijua. Usiku wa Eldoret humpa baridi ya laga bure, mchana humnyang'anya. Huyo ndiye mtu pekee ambaye ningemwambia atumie swichi zote mbili za STC-1000. Halafu aongeze friji gadi kati ya ukuta na boksi, kwa sababu F3 inalinda kompresa dhidi ya kidhibiti lakini haiwezi kuilinda dhidi ya stima inayorudi na volti za kupita kiasi.

Stima hupotea, na boksi lipangwe kwa kujua hivyo. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizama gizani kwa saa nyingi, na mwaka huohuo haukuisha kabla ya kukatika tena mara mbili kwa kiwango hicho. Kukatika kwa mtaa mmoja wakati wa mvua kubwa hakuandikwi popote. Kinga bora ni blanketi na sponji: vinahifadhi joto lililokwisha kulipiwa. Baada ya hapo, mwenye paneli ndogo ya sola na betri anaweza kuachana na volti 240 kabisa. Kuna kidhibiti kiitwacho W1209, chenye ukubwa wa kiberiti hivi, kinachotumia volti 12. Kikiunganishwa na hita ya volti 12 ya wati 25, kinavuta ampea mbili hivi, na mikono mibichi haitishwi na volti 12. Kwa kazi ya kupasha joto tu, katika nyumba ambayo ethi yake haiaminiki, huu ndio mpango ninaouona wa busara zaidi, ingawa maelekezo mengi hayautaji.

Sheria pia ina neno. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi huiita ya Mututho, ilifuta marufuku ya zamani ya chang'aa na kuweka leseni mahali pake. Anayetaka kutengeneza na kuuza hana budi kuitafuta. Baada ya vifo vya Kirinyaga Februari 2024 vilivyotokana na pombe yenye sumu, msako ulikazwa, na askari anayeingia nyumbani hatauliza ndoo imepimwa joto au la. Isitoshe, hakuna boksi la joto linaloweza kuzuia vifo vya namna ile, kwa kuwa sumu hutiwa na mtu. Haizaliwi na baridi wala joto la ndoo.

Kwa sababu hiyo nasema boksi hili lina maisha marefu zaidi kwenye maziwa. Uasin Gishu ni kaunti ya ng'ombe wa gredi, na maziwa yakifurika bei hushuka. Mursik, maziwa ya asili ya kibuyu, haihitaji chochote hapa: kibuyu cha sotet kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, maziwa yaliyochemshwa na kupoa, na subira ya siku kadhaa. Ila maziwa lala ya kimea cha kugandishia cha dukani hutaka nyuzi 22 hadi 25 kwa saa 16 au 18, yaani usiku mzima, na usiku ndio ambao jiko la Eldoret huwa nyuzi 14. Mama anayeyatia jioni huyakuta asubuhi majimaji, akangoja hadi saa nane mchana, wateja wamekwenda. Yogati ni ngumu zaidi: nyuzi 42 hadi 45 kwa saa nne hadi sita, na ikishuka hadi 35 katikati ya safari huganda vibaya na kutoa maji.

Hapa hesabu inapendeza. Maziwa hupashwa joto hadi nyuzi 85 jikoni kwa gesi au kuni, kwa usafi na kwa yogati nzito, kisha huachwa yapoe hadi 43 ndipo kimea kinatiwa. Kwa hiyo joto lote limekwisha kuletwa. Boksi linalishikilia tu lisitoroke. Ndani ya kabati lenye sponji, wati 60 zinatosha ndoo ya lita 20, na hata zikiwaka bila kupumzika kwa saa sita, mita itasoma chini ya nusu uniti. Boksi ni lilelile, sensa ileile ubavuni, F1 tu imebadilishwa kutoka 20 hadi 43. Tofauti ni kwamba fyuzi ya joto sasa ichaguliwe kwa uangalifu zaidi, maana kabati litakuwa na joto kila siku, na ya kiwango cha chini mno itakata usiku wa kwanza. Ile ya nyuzi 72, inayopatikana kirahisi kwa mafundi wa vifaa vya nyumbani, inafaa. Anayeuza yogati hiyo atahitaji leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya. Na kabla ya kutia hata lita moja ya maziwa, ndoo ijazwe maji ya vuguvugu na boksi liachwe likifanya kazi usiku kucha, kipimajoto cha kawaida kikiwa ndani ya maji. Asubuhi sensa ibanduliwe kwa makusudi, itupwe sakafuni, na mtu akae hapo saa nzima aone joto la kabati linapanda hadi wapi.